PINGU ZA TAJIRI HUFUNGULIWA USIKU

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali moja kabla hujarukia ukurasa wa michezo. Ukikamatwa wewe leo jioni hapo kijiweni, ukatiwa pingu na kutupwa rumande, ni jaji gani atakayeacha usingizi wake aandike amri ya kukutoa? Usinijibu haraka. Fikiri kwanza. Mama atakuja asubuhi na chai ndani ya chupa. Mjomba atahangaika kutafuta mtu anayemfahamu mtu anayemfahamu askari. Ukifikishwa mahakamani utaambiwa upelelezi bado haujakamilika, rudi ndani mpaka tarehe nyingine. Ndivyo tulivyozoea sisi walalahoi, na wala si siri.

Sasa sikia ya Brazil. Nchi hiyo wewe unaijua kwa kandanda. Leo weka mpira pembeni. Nataka nikupe habari za bwana mmoja ambaye hajapata kufunga goli hata moja, lakini amecheza mechi kubwa kuliko zote unazozijua, na refa alipopuliza filimbi ya kumtoa nje, refa ndiye aliyetolewa!

Bwana huyo anaitwa Daniel Dantas, mwenye benki ya uwekezaji iitwayo Opportunity, mjini Rio de Janeiro. Tarehe 8 Julai 2008, asubuhi na mapema, polisi wa shirikisho walimfuata kwake wakamtia mbaroni. Usiku wa tarehe 9 Gilmar Mendes, Rais wa Mahakama ya Juu ya nchi ile, yaani Jaji Mkuu wao, akaandika amri aachiwe. Tarehe 10 alfajiri akatoka. Saa chache baadaye, siku hiyo hiyo, akakamatwa tena kwa tuhuma nyingine. Tarehe 11 Jaji Mkuu yule yule akaandika amri ya pili. Akatoka tena. Siku nne, kukamatwa mara mbili, kuachiwa mara mbili, na zote kwa kalamu ya mtu ambaye juu yake hakuna hakimu mwingine!

Tumeimbiwa tangu shuleni kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Haya. Leo tuugeuze msumeno huu tuutazame meno yake yako upande gani.

HAKUTOKEA USWAHILINI

Dantas alizaliwa mwaka 1954 mjini Salvador, katika jimbo la Bahia, ndani ya ukoo wenye jina na mali. Huyu si mtu aliyeanza kwa kuuza karanga barabarani. Alisomea uhandisi huko kwao, kisha akaenda Rio kusomea uchumi katika Taasisi ya Getulio Vargas mpaka akapata shahada ya udaktari. Mwalimu wake alikuwa Mario Henrique Simonsen, mtu aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha enzi za utawala wa kijeshi. Akapita Marekani, katika chuo cha MIT, kuongeza makali. Aliporudi alifanya kazi katika benki ya Bradesco, halafu Icatu, na katikati ya miaka ya 1990 akaanzisha Opportunity, akiwa na dada yake Verônica miongoni mwa watu wake wa karibu.

Hata mahasimu wake hawasemi kwamba bwana huyu ni mjinga. Wanalalamika kwamba ana akili kupita kiasi.

Na hapa kijana, tuelewane. Ukisikia benki ya uwekezaji usifikirie ile benki unayopanga foleni kuweka vijisenti vyako. Hii haina foleni. Kazi yake ni kukusanya fedha za wenye fedha, kuziunganisha, kununulia makampuni, kuyaendesha na kuyauza. Mwenye benki anaweza kuweka fedha zake kidogo sana. Jambo muhimu kwake ni mkataba unaosema nani atashika usukani.

Fikiria watu kumi mnachanga kununua basi. Tisa mnatoa karibu fedha zote. Wa kumi anatoa za tairi moja, lakini ndiye aliyeandika mkataba, na ndani ya mkataba ameandika kwamba dereva atamchagua yeye, kondakta atamchagua yeye, na hesabu za jioni zitaletwa kwake. Basi ni lenu nyote. Mwenye basi ni nani?

Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya maisha ya Daniel Dantas.

MNADA WA SIMU

Miaka ya 1990 upepo wa ubinafsishaji ulivuma dunia nzima, ukafika Brazil na ukafika na huku kwetu. Neno lenyewe tulijifunza katika miaka ile ile. Brazil ilikuwa na shirika kubwa la simu la serikali, Telebrás. Tusiwe wanafiki: shirika lile lilikuwa limechoka. Mwananchi wa kawaida alisubiri miaka kupata laini ya simu, na aliyekuwa nayo aliweza kuiuza au kuikodisha kama kiwanja. Watu walitaka mabadiliko, na walikuwa na haki kuyataka.

Tarehe 29 Julai 1998, katika soko la hisa la Rio, Telebrás ikakatwa vipande 12 na kupigwa mnada. Zikapatikana reais bilioni 22. Serikali ya Rais Fernando Henrique Cardoso ikapiga makofi. Lakini angalia walichouza. Serikali ilikuwa na kama asilimia 19 tu ya mtaji wote wa shirika, ila ndani yake zilikuwamo hisa nyingi kati ya zile zenye kura. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa inauza usukani. Na nani hodari wa kununua usukani kuliko bwana wetu?

Fedha zilitoka wapi? Sikiliza vizuri. Sehemu moja ilitoka Citigroup, benki kubwa ya Marekani, iliyompa Dantas mamia ya mamilioni ya dola ayasimamie. Sehemu nyingine ilitoka katika mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa mashirika ya umma: Previ, mfuko wa wafanyakazi wa Banco do Brasil, Petros, wa wafanyakazi wa kampuni ya mafuta Petrobras, na Funcef, wa wafanyakazi wa benki ya akiba ya serikali. Yaani jasho la karani wa benki na fundi wa mtambo wa mafuta, walilokatwa kila mwezi ili wasije wakafa njaa uzeeni, ndilo lililoingia mnadani. Opportunity ilileta maarifa, mkataba na kifungu cha fedha zake. Wakishirikiana na Telecom Italia, wakanyakua kampuni ya Tele Centro Sul kwa reais zaidi ya bilioni 2. Baadaye ikaitwa Brasil Telecom. Kwa kuungana na Wakanada wakapata na simu za mkononi katika jimbo la Minas Gerais na ukanda wa kaskazini.

Miezi minne haijapita, mambo yakaanza kunuka. Novemba 1998 zilivuja kanda za mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa kwa siri ndani ya BNDES, benki ya maendeleo ya taifa. Kanda zile zilimnasa Waziri wa Mawasiliano, Luiz Carlos Mendonça de Barros, na mkuu wa BNDES, André Lara Resende, wakipanga jinsi ya kuusaidia upande wa Opportunity katika mnada wa kampuni nyingine kubwa ya simu, Tele Norte Leste, ikiwa ni pamoja na kuusukuma mfuko wa Previ uingie upande huo. Wenyewe walijitetea kwamba walitaka tu washindani waongezeke ili bei ipande, na mahakama haikuwatia hatiani. Na kweli, kampuni ile Opportunity haikuipata; ilikwenda kwa kundi jingine. Lakini wote wawili waliachia ngazi.

Mimi nauliza swali la kabwela: mwamuzi akishikwa akimpa mkono nahodha wa timu moja kabla ya mechi, halafu timu hiyo ikafungwa, je, tuseme mwamuzi alikuwa safi?

WENYE BASI WAAMKA

Mambo ya kushikiana usukani hayakai miaka mingi. Telecom Italia walidai kampuni ni yao kwa kuwa wao ndio wenye utaalamu wa simu. Dantas akasema mkataba ndio huu. Mifuko ya pensheni ikaona fedha ni zake, lakini ikiuliza hesabu haisikilizwi. Wakafikishana mahakamani Brazil, wakafikishana mahakamani nje. Mwaka 2003 mifuko ikamvua Opportunity usimamizi wa fedha zake. Machi 2005 Citigroup nao wakamwondoa, kisha wakamshitaki New York. Hebu fikiri: Wamarekani wenyewe, mabingwa wa mikataba, walijikuta wanahangaika kutoka katika mkataba waliousaini na mtu wa Bahia!

Katikati ya vurugu hizo, Julai 2004, likalipuka jingine. Magazeti ya Brazil yalifichua kwamba kampuni ya upelelezi ya Kroll, iliyokodiwa na Brasil Telecom kuwachunguza Telecom Italia, ilikuwa imegusa hata mawasiliano ya wakubwa wa serikali, akiwamo waziri Luiz Gushiken. Wakati huo Rais alikuwa Lula, mtu wa wafanyakazi, aliyekuja na ahadi ya kufagia. Polisi wakavamia ofisi. Dantas akakana kuagiza ujasusi wowote usio halali. Septemba 2005 akaitwa mbele ya kamati za Bunge zilizokuwa zinachunguza kashfa ya wabunge kulipwa ili wapige kura upande wa serikali. Akakaa, akajibu, akaondoka.

Umeona sasa? Chini ya Cardoso yumo. Chini ya Lula yumo. Vyama vinapokezana Ikulu, mabango yanabadilika rangi, bwana yupo pale pale. Nawaambia hili hasa ninyi vijana mnaodhani siku mkibadilisha picha iliyotundikwa ukutani basi kila kitu kimekwisha. Picha ukutani haishiki mkataba.

Aprili 2008 ikapatikana njia ya wote kuachana kwa heshima. Kampuni ya Oi, ambayo si nyingine bali ni ile ile Tele Norte Leste ya kanda za 1998 iliyobadili jina, ikatangaza kuinunua Brasil Telecom kwa reais bilioni 5.8. Wagomvi wakakubaliana kufuta kesi zao, na kila mmoja akatoka na chake, Dantas akiwamo. Palikuwa na tatizo moja dogo tu: kanuni za nchi zilikataza kampuni moja kushika kanda zote mbili. Unadhani biashara ilikufa? Thubutu! Kanuni ndiyo iliyokufa. Novemba 2008 Rais Lula akasaini agizo la kuibadilisha, na biashara iliyotangazwa Aprili ikawa halali.

Wewe ukijenga kibanda kabla ya kibali, kitabomolewa na ufagio wako ndani. Wao walijenga kwanza, kibali kikawafuata.

SATIAGRAHA

Turudi kwenye Julai 2008. Operesheni ile polisi waliipa jina Satiagraha, neno la Mahatma Gandhi lenye maana ya kushikilia ukweli. Aliyeiongoza alikuwa ofisa mmoja mwenye mori, Protógenes Queiroz. Pamoja na Dantas walikamatwa mchezaji wa soko la hisa Naji Nahas, na Celso Pitta, aliyewahi kuwa Meya wa São Paulo. Televisheni ilikuwapo. Nchi nzima ikamwona Pitta amefungua mlango na nguo za kulalia. Ikaona vigogo wakiwa na pingu mikononi. Mitaani watu walifurahi utadhani timu yao imechukua kombe.

Tuhuma zilikuwa nzito: kuhamisha fedha nje kwa njia za siri, kuzisafisha fedha chafu, kuendesha mfuko wa fedha visiwani Cayman kinyume cha sheria. Dantas akakana zote. Lakini tuhuma iliyowasisimua watu ilikuwa nyepesi kueleweka, kwa sababu hiyo hata sisi tunaijua. Ilikuwa rushwa.

Kabla ya operesheni, watu wawili walimwendea ofisa mmoja wa polisi aliyekuwa katika upelelezi. Walimwahidi dola milioni 1 ili majina ya Dantas na jamaa zake yaondolewe katika jalada. Hawakujua kwamba ofisa yule alikuwa amekwisha kutoa taarifa, na kwamba hakimu alikuwa ameruhusu mazungumzo yarekodiwe. Wakapigwa picha wakizungumza mkahawani. Polisi walipopekua nyumba ya mmoja wao wakakuta fedha taslimu, zaidi ya reais milioni 1. Na kwa mujibu wa maelezo ya polisi, mmoja wa wajumbe hao alisema kwamba tajiri wake anahofia mahakama ya chini tu. Huko juu mambo yatajirekebisha yenyewe.

Ndugu msomaji, rudia sentensi hiyo polepole. Anahofia mahakama ya chini tu.

Kwako wewe mambo ni kinyume. Kwako mahakama ya chini ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho. Huko juu hupajui, hupafiki, wakili wa kukupeleka huna. Ngazi ile ile ya haki, mmoja anaogopa kipago cha kwanza kwa sababu vilivyobaki ni vyake, na mwingine hafiki hata cha pili!

JAJI NA JAJI

Jaji wa mahakama ya chini alikuwa Fausto De Sanctis, wa São Paulo. Yeye ndiye aliyesaini amri zote mbili za kumkamata Dantas, na yeye ndiye aliyeziona zikivunjwa na Jaji Mkuu. Majaji zaidi ya 100 wa shirikisho walitia saini tamko la kumuunga mkono mwenzao. Lakini tuseme na upande wa pili, maana gazeti lisilosema upande wa pili ni kipaza sauti cha mnadani. Gilmar Mendes alitoa hoja kwamba polisi walikwisha kupekua na kuchukua walichotaka, hivyo hapakuwa na sababu ya kumweka mtu ndani kabla ya hukumu, na kwamba amri ya pili ilikuwa njia ya kuizunguka ya kwanza. Novemba 2008 Mahakama ya Juu nzima ikakaa, ikamuunga mkono kwa kura 9 dhidi ya 1.

Hoja ile si mbaya. Mimi naikubali! Mtu asikae ndani kabla ya hukumu bila sababu ya maana. Iandikwe hata kwa wino wa dhahabu. Lakini mwaka ule ule magereza ya Brazil yalikuwa na watu zaidi ya 400,000, na wengi mno miongoni mwao walikuwa mahabusu ambao hawajahukumiwa. Wengi walikuwa vijana wa vitongoji vya makabwela, weusi kwa sura, hawana kitu mfukoni. Mbona kalamu ile haikukesha kwa ajili yao?

Halafu kukaja suala la pingu. Agosti 2008, mwezi mmoja tu baada ya nchi kuona vigogo wamefungwa mikono, Mahakama ya Juu ilipitisha kanuni inayozibana mahakama zote na polisi wote: pingu zitumike tu panapokuwa na upinzani, hofu ya kutoroka au hatari kwa watu, na sababu iandikwe. Kesi iliyozaa kanuni hiyo haikuwa ya tajiri. Ilikuwa ya fundi mwashi wa mji mdogo jimboni São Paulo, aliyehukumiwa akiwa amekaa mbele ya baraza la wazee wa mahakama na pingu mikononi. Hukumu yake ikafutwa. Vizuri sana. Lakini waashi wangapi walitiwa pingu kabla yake, miaka mingapi, bila mahakama kukumbuka kwamba mikono ya mtu ina heshima? Ilibidi kwanza pingu zifike kwenye mikono laini ndipo ikagundulika kwamba chuma kinaumiza.

Tarehe 2 Desemba 2008 De Sanctis alitoa hukumu katika kesi ya rushwa: Dantas jela miaka 10 na faini ya reais milioni 12. Wajumbe wake wawili, miaka 7 kila mmoja. Dantas akakata rufaa, akabaki nje. Mamia ya mamilioni ya dola yakazuiwa katika akaunti za nje, na mwaka 2009 mahakama ikayashika hata mashamba na ng'ombe, maana bwana huyu alikuwa pia amekwisha kuwa mfugaji mkubwa katika jimbo la Pará.

Makabwela wakasema: safari hii papa amenaswa.

NYAVU ILITOBOLEWA NA MVUVI

Papa hakunaswa, ndugu yangu. Na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko pote, maana ndipo tunapokosea sisi tunaopenda mambo ya haraka.

Protógenes alikuwa na mori, lakini mori si sheria. Katika upelelezi wake aliwaingiza makachero wa ABIN, idara ya usalama wa taifa, makumi kwa makumi, wakasikiliza simu na kuchambua kanda, kazi ambayo mahakama ilikuja kusema hawakuwa na mamlaka ya kuifanya kwa namna ile. Na habari za operesheni zikavujishiwa televisheni. Mawakili wa Dantas, wale wa bei mbaya, hawakuhangaika kubishana kama rushwa ilitolewa au haikutolewa. Wao walichambua upelelezi ulifanywaje, nani alisikiliza simu, kwa kibali gani. Tarehe 7 Juni 2011 mahakama ya rufaa iitwayo STJ ikaamua kwa kura 3 dhidi ya 2: upelelezi uliingiliwa na wasiohusika, ushahidi ni haramu, hukumu imefutwa. Kura moja! Kwa kura moja miaka 10 ikawa sifuri.

Kwa hiyo kisheria Daniel Dantas si mfungwa na si mtu mwenye hatia katika kesi ile. Tuliseme hilo waziwazi. Mali zilizozuiwa zikaanza kurudi mikononi mwa wenyewe.

Na waliomkamata? Protógenes aliondolewa kwenye upelelezi Julai ile ile ya 2008. Mwaka 2010 wananchi walimchagua kuwa mbunge. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikamtia hatiani kwa kuvujisha siri za kazi, mwaka uliofuata akapoteza kazi ya polisi, na mwisho akaishia Uswisi akiomba hifadhi. Paulo Lacerda, mkuu wa ABIN, naye aling'olewa mwaka 2008 baada ya madai kwamba simu ya Jaji Mkuu ilisikilizwa, madai ambayo kanda yake haikuonekana kamwe. Akapelekwa ubalozini Lisbon. De Sanctis akapandishwa kwenda mahakama ya rufaa, heshima kubwa, lakini mbali na kesi ya aina ile.

Hesabu mwenyewe. Mwenye fedha yuko nje. Polisi ndiye mkimbizi.

Wengine watasema: basi kosa ni la sheria inayokataa ushahidi uliopatikana ovyo. Mimi nakataa katakata! Ondoa sheria hiyo leo, na wa kwanza kuumia si tajiri wa Rio, ni wewe. Ni wewe utakayewekewa kete ya bangi mfukoni na kuambiwa hiyo ni yako. Ukuta ule unaomkinga Dantas ulijengwa kwa ajili yako. Ubaya ni kwamba yeye ana funguo za nyumba na wewe umelala nje ya ukuta. Anayetaka kuubomoa kwa hasira ya siku moja anamsaidia mwenye rungu. Haraka haraka haina baraka: Protógenes angefuata kibali hatua kwa hatua, wale mawakili wa bei mbaya wangekosa pa kuingilia.

ULIZA MKATABA

Na ile kampuni ya simu? Tusisahau kwamba hadithi ilianza na simu. Ni kweli, baada ya mnada simu zilienea Brazil, hilo tusilifiche. Lakini Oi, ile iliyobadilishiwa kanuni ya nchi ili ipanuke, Juni 2016 ilikwenda mahakamani kuomba ilindwe dhidi ya wadai, ikiwa na madeni ya reais bilioni 65. Hadi siku hiyo Brazil haikuwa imeona kampuni iliyoanguka na mzigo mkubwa kiasi hicho. Dantas alikuwa amekwisha kushuka kituo cha nyuma, na fedha zake mkononi. Waliobaki ndani ya basi ni wafanyakazi, wateja na wadai.

Ndiyo maana, kijana, nakusihi usilewe pingu. Watawala wanajua tunavyopenda kuona kigogo amekunjwa mikono mbele ya kamera. Wakitaka kutuliza mtaa, watatupa picha hiyo, tutashangilia wiki nzima, na wiki ya pili bwana atakuwa kwake anakunywa maji baridi. Siku ya hatari haikuwa tarehe 8 Julai 2008. Ilikuwa siku ile, miaka kumi kabla, karani wa benki alipokatwa pensheni yake na hakuna aliyemwonyesha mkataba fedha hiyo inakoingia. Siku ile hapakuwa na kamera. Hapakuwa na wewe wala mimi. Palikuwa na karatasi, kalamu na mtu mmoja mwenye akili nyingi.

Basi likiuzwa lolote la umma, uliza mambo matatu. Fedha ni za nani? Kura ni za nani? Hesabu za jioni zinapelekwa kwa nani? Ukipata majibu matatu yanayofanana, lala usingizi. Ukipata majina matatu tofauti, ujue kuna mtu ameweka tairi moja na anaondoka na basi zima.

Na wale waheshimiwa majaji, popote walipo, tunawapa swali lao pia. Kama inawezekana kuamka usiku kumfungulia mtu mmoja kwa sababu sheria inasema hivyo, basi amkeni. Amkeni tena kesho, kwa ajili ya fundi mwashi. Amkeni keshokutwa, kwa ajili ya mtoto wa mama yule mwenye chupa ya chai nje ya kituo. Mkishafanya hivyo tutaamini kwamba msumeno una meno pande zote mbili.

Vinginevyo msitwambie habari za msumeno. Tuambieni tu ni kisu, na mpini ameshika nani.